Mpaka Usimame Hapa Mwenyewe

Mtaani walimwita Nahodha, na jina lenyewe lilikuwa la kumtania, maana chombo chake kilikuwa hakijagusa maji kwa miaka minne. Kilikaa ubavuni mwa nyumba, juu ya tela: mashua ya faiba ya kubeba watu kumi na wawili, rangi ya maziwa na mstari wa kijani, imefunikwa turubai alilolishona mwenyewe. Kazi yake ilikuwa ushonaji. Cherehani aliitoa barazani kila asubuhi, akaiweka kwa namna ambayo kila akiinua macho kutoka kwenye pindo aione mashua. Wateja waliokuja kupimwa nguo walizoea kuzungumza na shavu lake.

Mumewe alikuwa Fundi, fundi wa injini za boti tangu ujana. Sasa alikuwa mji wa machimbo, mwendo wa siku mbili kwa basi, akitengeneza pampu za kutoa maji chini ya ardhi. Aliaga kwamba anakwenda kwa mwaka mmoja tu. Mashua walikuwa wameinunua pamoja, imeshatumika kidogo, na mpango wao ulikuwa mdogo na mzuri: Fundi ashike usukani, mkewe akate tiketi, wavushe watu ng'ambo asubuhi na jioni, na wazeekee humo humo. Waliipanda mara moja tu, siku ya kuijaribu. Injini ilizimika katikati ya maji, Fundi akavua shati na kuanza kuifungua, mkewe akamshikia spana huku akicheka mpaka mbavu zikamuuma. Nusu siku tu. Tangu hapo hakuwahi kucheka vile tena, na alijua, kwa sababu kicheko kile alikuwa akikitafuta.

Unahodha wake ulitokana na simu. Kila Jumapili saa kumi jioni Fundi alipiga, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Mashua?" La pili lilikuwa, "Tela?" La tatu, kama salio halijakata, "Na wewe mzima?" Nahodha alijibu la kwanza na la pili kwa kirefu, ili la tatu lichelewe na yeye azidi kulingoja. Msimcheke. Anayempenda mtu wa mbali hujifunza kushiba makombo, na wengi wetu tumeyala bila kusema.

Mwaka ule wa kwanza, mtaa wa pili waliibiwa tela na mashua yake. Wala si usiku. Ilikuwa saa sita mchana, wenyewe wako mezani. Wezi walikuja na gari, wakarudi nyuma taratibu, wakaunganisha tela kama mali ya baba yao, na mmoja akampungia mkono mama muuza mboga. Mama wa mboga naye akawapungia. Fundi alipopata habari hiyo alipiga simu siku ya Jumatano, na Nahodha akafurahi mno kuisikia sauti yake katikati ya wiki hata akaona aibu kwa ajili ya wale walioibiwa.

Hapo masomo yakaanza. Kwanza tela ligeuzwe, kichwa chake kinachoungwa na gari kielekee ukutani, mwizi asipate pa kulikamatia. Nahodha aliwaita wateja wake sita wa siku hiyo, wenye vitambaa mikononi, wakalisukuma. Kisha magurudumu yang'olewe na ekseli ikae juu ya matofali. Akapiga jeki, akang'oa, akayaviringisha mpaka chumbani na kuyaegemeza nyuma ya mlango. Injini ikaingia sebuleni, ikasimama pembeni ikiwa imefunikwa kitambaa cha maua, na wageni wengine waliisalimia wakidhani ni bibi amekaa kivulini. Mwisho ikaja nguzo ya chuma ya kufungia mnyororo, iliyotakiwa kusimikwa kwa zege. Zege alilikoroga mwenyewe, simu ameibana kwa bega.

"Saruji ndoo moja, mchanga mbili, kokoto tatu," Fundi alisema.

"Ndoo ipi? Hii ya kufulia au ile uliyokuwa unaogea?"

Fundi alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, lakini Nahodha alikaa nacho wiki nzima, akakishona ndani ya magauni ya watu.

Wifi yake, dada wa Fundi, alikuja siku moja kumtembelea, akahesabu kufuli kwa kidole. Zilikuwa saba.

"Wifi, benki wanajua kuhusu wewe? Maana wangekuajiri."

"Ni kaka yako ndiye anayetaka."

"Kaka yangu yuko huko na vyuma vyake. Asiyekuwepo na lake halipo, wifi yangu. Wewe umekaa unamtunzia lake mpaka linampita mwenyewe."

Nahodha alicheka kwa adabu, akamkaribisha chai. Lakini maneno yale hayakushuka na chai. Mwaka wa kwanza Fundi alikuwa amekuja mara mbili, wa pili mara moja. Kisha mkataba ukaongezwa, kisha likizo ikasogezwa, kisha hakukuwa tena na sababu yoyote iliyotajwa, ila swali la mashua lilibaki palepale. Na Nahodha alijipa moyo hivi: mtu hawezi kuulizia mashua kila wiki kama hana nia ya kuipanda. Mashua ikiwapo, Fundi atarudi. Kwa hiyo hakulinda faiba wala chuma. Alimlinda mume wake, kwa kufuli saba.

Sheria kubwa kuliko zote Fundi aliitoa mwaka wa pili. "Mwizi wa siku hizi havunji," alisema. "Anabisha hodi. Atakuja na karatasi, atasema Fundi kanituma. Atakupa simu uongee na mtu mwenye sauti kama yangu. Usimpe. Hata dada yangu akija analia, usimpe. Mpaka nisimame hapo mwenyewe."

"Hata sauti yako?"

"Hata sauti yangu. Nimeshasema."

Basi mwaka wa nne, siku ya Jumanne, mtu akabisha hodi.

Alikuwa mwalimu mstaafu, mpole, shati limepigwa pasi, gari lake dogo la mizigo amelisimamisha nje ya geti. Alisalimia, akauliza hali ya nyumbani, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa na mwandiko wa Fundi, ile herufi yake ya F iliyolala chali. Fundi alikuwa amemuuzia mashua, tela na injini.

Nahodha aliisoma akiwa amesimama, kisha akaisoma amekaa. Mguu wake ulikanyaga cherehani bila kitambaa, sindano ikatoboa hewa mara kadhaa.

"Nimeelezwa kwamba una taarifa, mama," Mwalimu alisema.

"Sina."

Hapo simu ikalia. Jumanne, saa nne asubuhi. Alikuwa Fundi, na safari hii hakuuliza chochote. "Mke wangu, kuna mwalimu mmoja anakuja. Mpe mashua. Ikikaa bure itaoza, na hela zote nimemwambia akupe wewe."

Nahodha alitazama turubai, akatazama mishono yake mwenyewe. Kama angesema "sawa," yangekwisha pale pale, kwa dakika mbili, na Jumapili ijayo simu isingekuwa na cha kuuliza.

"Nani mwenzangu?" akasema.

"Mimi. Fundi."

"Fundi mume wangu aliniambia nisimpe mtu, hata sauti yake ikinipigia. Mpaka asimame hapa mwenyewe."

"Mama, acha utani. Ni mimi."

"Mwizi naye angesema hivyohivyo."

Akakata. Alimgeukia Mwalimu akamwambia kwa upole kwamba mashua haitoki leo. Mwalimu alikuwa amesikia yote. Alikunja karatasi yake mara nne kama ilivyokuwa.

"Nina mke nyumbani, mama," alisema. "Nitasubiri."

Wiki nzima simu zikafuatana. Fundi alibembeleza, akafoka, akabembeleza tena. Akamtuma dada yake, na wifi akaja hadi getini, akaweka mikono kiunoni. "Nimetumwa nije nilie," alisema. "Sijisikii kulia. Mwambie nimelia." Siku ya tisa, kwenye simu, Nahodha akasikia pampu zikinguruma huko aliko Fundi. Kisha Fundi akasema, "Haya. Nakuja Jumamosi."

Nahodha alideki nyumba ambayo haikuwa chafu. Alishona gauni jipya, akalifumua kiuno, akalishona tena, maana aliona aibu lisije likasema mengi kuliko yeye. Alibadilisha mashuka. Alijiambia kwamba mtu akishakanyaga ua wake, akiona nguzo na zege, akiona miaka minne ya kazi ya mke wake, moyo utamrudi. Hakuna aliyemwahidi hilo. Alijiahidi mwenyewe.

Fundi alifika saa nne asubuhi, amekonda, mvi zimemshika kandokando ya masikio. Begi lake lilikuwa dogo, la kutoshea shati moja. Walisalimiana kwa mikono miwili, kama watu waliowahi kusoma shule moja. Kisha akaenda moja kwa moja kwenye mashua, akaizunguka, akavuta mnyororo, akapiga zege teke.

"Nani kafanya yote haya?"

"Wewe. Kwa simu."

Alimtazama, na kwa mara ya kwanza akatazama vizuri. Nahodha aliona kitu kikipita usoni mwake, akakingoja kitue. Hakikutua.

Mwalimu alikuwa amekwisha kufika, na akawa na busara ya kubaki kwenye gari lake. Fundi na mkewe wakafungua kufuli moja baada ya nyingine. Wakaviringisha magurudumu kutoka chumbani, wakapitia kando ya kitanda chenye mashuka mapya. Nahodha akapiga jeki, Fundi akalala chini ya ekseli. Akinyoosha mkono, spana namba kumi na tisa ilikuwa imeshafika kiganjani. Akisema, "Shika hapo," alikuta pameshikwa. Jasho likamtoka, akavua shati. Kwa muda wa saa moja hivi Nahodha alikuwa mke wa mtu, na alitamani nati ziwe mia.

Zilikuwa kumi.

Akiwa anakaza ya mwisho, akamuuliza. "Huko kuna mtu?"

"Hakuna." Aliendelea kulala pale chini, macho kwenye chuma. "Angekuwepo mtu ingekuwa rahisi kukueleza. Nimezoea tu. Nina chumba, nina kazi. Nikifikiria kurudi, nachoka."

"Kama ningempa Mwalimu mashua siku ile, ungekuja?"

Fundi hakuwa mwongo, na hilo ndilo lililokuwa balaa lake. "Nisingekuja," alisema.

Nahodha aliitikia kwa kichwa. Hakulia. Alifuta spana kwa kitambaa, akaipanga na wenzake kwenye boksi kwa ukubwa wake, kubwa hadi ndogo, kisha akambebea Fundi shati lake. Alikuwa akimtamani mtu aliyekuwa hatua moja mbele yake, na hatua hiyo ilikuwa ndefu kuliko zile siku mbili za basi.

Tela likageuzwa, likaunganishwa na gari, injini ikapakiwa. Mwalimu alishukuru mara tatu, kila mara kwa sauti ndogo zaidi. Fundi akasema kuna basi la saa nane, na kwa kuwa gari linapita njia hiyo, angepanda nalo. Begi lake lilikuwa bado barazani. Halikuwahi kuingia ndani.

Gari liliwashwa. Fundi, amekaa mbele, akateremsha kioo, akatazama ua uliobaki wazi na ile nguzo ya chuma iliyosimama peke yake. Uso wake ulikuwa na huzuni ya kweli. Alitaka kusema neno la kuaga, na la kuaga hakuwa nalo, akasema alilolizoea.

"Uwe unafunga geti vizuri."

"Mashua mmeshaichukua," Nahodha alisema. "Kimebaki nini cha kuibiwa?"

Hakumuuliza kwa hasira. Alimuuliza kwa matumaini, ameshika ukingo wa dirisha la gari, na jibu alilolingoja lilikuwa neno moja, dogo, ambalo kila mtu analijua. Fundi aligundua kuwa ni swali la kweli. Akalichukulia kwa uzito, akapitisha macho polepole kutoka ukutani hadi mlangoni, mlangoni hadi barazani, kama alivyokuwa akifanya kila anapokagua kazi.

"Cherehani," alisema. "Usiiache nje."