Utafiti wa Mama Mkwe

Wanafunzi wake walimwita Mwalimu Kwa Mfano, na hakuwa na haki ya kununa, maana alikuwa hamalizi sentensi mbili bila kuyatamka maneno hayo. Alifundisha sosholojia darasa la mwisho la sekondari, watahiniwa ishirini na saba kwenye chumba chenye feni moja iliyozunguka siku inapojisikia. Imani yake ilikuwa kwamba mtoto haielewi jamii kwa kukariri fasili. Mpe mtu, mpe nyumba, mpe ugomvi wa jirani, ndipo nadharia itakapomkaa kichwani. Na mtu ambaye mwalimu alidhani anamjua kuliko wote alikuwa mama mkwe wake.

Basi kwa miaka kumi na miwili yule mama alikuwa akifundisha sosholojia bila mshahara na bila habari. Ikifika mada ya hadhi, anatajwa yeye na kiti chake cha sebuleni ambacho hata daktari akija hakikalii. Ikifika mada ya familia, anatajwa yeye na ufunguo wa kabati la sukari. Lakini mfano mkuu, ule ambao wanafunzi wa mwaka huu walikuwa wameshasimuliwa na kaka zao, ulikuwa wa fagio. Huo ulikuwa wa mada ya udhibiti wa jamii usio rasmi, yaani namna watu wanavyomrudisha mwenzao kwenye mstari bila polisi wala hakimu.

"Kwa mfano," mwalimu angesema, na darasa lingeanza kucheka kabla ya kuchekeshwa, "nimeolewa juzi. Naamka alfajiri, nafagia uwanja mpaka unang'aa. Naingia jikoni kubandika chai. Nikichungulia dirishani, namwona mama mkwe kashika fagio lile lile, anafagia pale pale nilipofagia mimi. Hasemi neno. Hanigombezi. Anafagia tu! Na mpaka leo hajaacha. Hiyo, wanangu, ni adhabu isiyoandikwa popote."

Kisha angeinama, mkono mmoja kiunoni, midomo kaibana, afagie sakafu ya darasa kwa fagio la hewa. Watoto walikuwa wanavunjika mbavu.

Asije mtu akadhani hampendi. Yule mama ndiye aliyembebea watoto wawili mgongoni ili asikose kwenda kufundisha. Ndiye aliyekuwa akimfunikia chakula kwa sahani hata akichelewa vipi. Mwalimu alimpenda kama mama aliyemzaa, pengine na zaidi kidogo, ila mwenye mfano mzuri ni sawa na mwenye umbea mzuri: kuunyamazia kunamwasha ulimi.

Mama mkwe alikuwa mstaafu wa posta. Miaka thelathini alipanga barua, na vidole vyake havikusahau kazi. Kila muhula mwalimu alipoleta nyumbani karatasi za mtihani, mama aliziweka mezani na kuzipanga kwa namba za watahiniwa kwa kasi ya mtu anayechambua mchele. Namba tu. Yaliyoandikwa ndani hakuyaangalia, na alikuwa akijivunia jambo hilo. "Barua ya mtu haisomwi," alipenda kusema.

Jumamosi moja mchana, wiki tatu kabla ya mtihani wa mwisho, mwalimu alikuwa anasahihisha mtihani wa majaribio na mama yuko upande wa pili wa meza akipanga zilizokwisha kusahihishwa. Karatasi ya kwanza ilianza: "Kwa mujibu wa Mama Mkwe, udhibiti wa jamii ni wa kimyakimya." Mwalimu akatabasamu. Ya pili: "Utafiti wa Mama Mkwe ulithibitisha kwamba fagio ni chombo cha adhabu." Akakohoa. Ya saba ilikuwa ya kijana waliyemwita Tanbihi, ambaye hakuwahi kuandika jambo bila kuliongezea lingine chini: "Nadharia ya Mama Mkwe na wenzake imekosolewa vikali kwa kutozingatia wafagiaji wanaume."

Hapo mwalimu alicheka mpaka machozi, kisha machozi yakabaki na kicheko kikaondoka. Akaendelea mpaka karatasi ya mwisho: ishirini na saba, wote! Wanazuoni wote aliowafundisha wamewekwa kando, amebaki mwanazuoni mmoja mwenye ufunguo wa kabati la sukari. Na msahihishaji wa mtihani wa mwisho, huko aliko, atamjuaje Mama Mkwe? Akasimama, akaenda jikoni kunywa maji.

Aliporudi, alimkuta mama amevaa miwani yake, karatasi mkononi, vidole vimesimama.

"Huyu Mama Mkwe," mama aliuliza taratibu, "ni mimi?"

Mwalimu alitafuta uongo, akaukosa. "Ni wewe, mama."

"Nilikuwa natafuta namba tu. Lakini mtoto kaandika jina langu juu, eti 'na wenzake', kalipigia na mstari." Akageuza ukurasa. "Na swali la nne, huyuhuyu, kajibu vizuri. 'Mtafiti asitumie habari za mtu bila ridhaa ya mtu huyo.' Umempa ngapi?"

"Tano kwa tano, mama."

"Anastahili." Akaiweka karatasi mahali pake, kati ya namba kumi na nne na kumi na sita. "Mimi nimeshika barua za watu miaka thelathini, Mwalimu. Za posa, za msiba, za watu waliokimbiana. Sikufungua hata moja. Wewe ya kwangu umeifungua mbele ya darasa."

Siku zote alimwita mwanangu. Jumamosi ile alimwita Mwalimu. Kisha akamaliza kupanga zote zilizobaki, akazifunga kamba vizuri, akaingia chumbani kwake.

Asubuhi ya Jumapili mwalimu alifagia uwanja kama kawaida, akaingia jikoni, akachungulia dirishani. Uwanja mtupu. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akiomba kuiona asubuhi hiyo, na sasa ameiona, akalifunga dirisha. Saa ya chai mama alisema, akikoroga sukari, kwamba Ijumaa atakwenda kwa binti yake kupumzika.

"Utarudi lini, mama?"

"Tutaona."

Mume wa mwalimu, fundi wa majokofu, aliyekuwa na ujasiri wa kufungua mashine yoyote ila si kinywa chake mbele ya mama yake, aliinuka na kikombe. "Mimi hayo simo," akasema, akaenda kunywea chai yake uani. Mwalimu akabaki anaangalia kile kiti cha sebuleni na kukifikiria kitupu. Hakuweza. Nyumba ile bila yule mama ingekuwa paa na kuta tu.

Jumatatu alirudisha karatasi darasani. Kwanza aliwagombeza, maana lazima mtu agombezwe. "Mama mkwe wangu si mwanazuoni! Mfano ni wa kuelewea tu. Kwenye mtihani mnaleta nadharia na utafiti wenyewe." Kisha sauti ikampungua, akakaa juu ya meza, akawaeleza yote: posta, swali la nne, safari ya Ijumaa. Hata feni ikasimama, ingawa hiyo ilikuwa tabia yake.

Kiranja wa darasa, binti mwembamba aliyeuliza maswali kama karani wa mahakama, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, uliwahi kumuuliza kwa nini anafagia?"

"Nimeshawaambia kwa nini anafagia."

"Umetuambia ulichokiona dirishani. Huo ni ushuhudiaji. Ulitufundisha mwenyewe kwamba anayekiona kitendo hajaiona maana yake bado, mpaka amhoji mtendaji." Akaogopa alichosema, akaongeza, "Samahani, mwalimu."

Nyani haoni kundule. Miaka kumi na miwili mwalimu alikuwa akikata alama za watoto wa watu kwa kosa hilohilo, anawaandikia kwa wino mwekundu: *Umejuaje?*

Jioni hiyo alimfuata mama chumbani. Sanduku lilikuwa wazi kitandani, nguo zimekunjwa kwa mpangilio wa kiposta, kubwa chini, ndogo juu. Mwalimu hakukaa.

"Mama, nimekukosea. Sikukusudia kukudhalilisha, lakini nimekudhalilisha. Nilikuwa nachekesha watu kwa jambo nisilolijua, na wote ishirini na saba wameliandika. Naomba unisamehe." "Na nilitaka kukuuliza kwa nini ulikuwa unafagia."

Mama alikunja kanga moja, akaikunjua, akaikunja tena. "Wale watoto wanafanya mtihani lini?"

"Wiki mbili na siku kadhaa."

"Na wameandika uongo wote ishirini na saba." Akashika tama. "Nitakuja Alhamisi. Lakini nitawajibu wao. Wewe hutauliza kitu."

Alhamisi mama mkwe aliingia darasani amevaa viatu vyake vya kazini, vilivyopigwa rangi upya. Watoto walisimama wote kwa kishindo. "Shikamoo, bibi!" Wengine walimtazama kwa mshangao wa wazi, maana walikuwa wamemwazia mtu mrefu, mwenye midomo iliyobanwa, na huyu alikuwa kibibi kifupi chenye mashavu.

"Marahaba, wajukuu zangu. Kaeni. Nasikia mimi ni nadharia."

Walicheka kwa woga. Kiranja akasimama na karatasi. "Bibi, kabla hatujaanza, tunakuomba ridhaa yako. Una haki ya kutojibu swali lolote, na unaweza kuyasimamisha mahojiano wakati wowote."

Mama aligeuka taratibu mpaka akamwona mkamwana wake, aliyekaa dawati la nyuma kabisa, magoti yamegonga ubao. "Umesikia lakini?"

"Nimesikia, mama."

"Haya, mjukuu wangu. Uliza."

Swali lilikuwa moja na kila mtu alilijua. Mama alikunja mikono mapajani.

"Mimi na mume wangu sote tulitoka alfajiri kwenda kazini. Ndani mlikuwa na watoto, na mama yake, na wadogo zake, huna pa kusemea neno. Saa yetu ilikuwa ile ya kufagia. Yeye alitangulia na kopo la maji, ananyunyizia vumbi lisinipande puani, mimi namfuata na fagio. Ndipo tulipokuwa tunaongea. Mambo ya ada, ya kazi, na upuuzi wetu. Watoto wote wale tuliwasomeshea pale uwanjani." "Akafariki. Nikaendelea kufagia peke yangu. Kisha nikastaafu. Mwaka huohuo mwanangu akaoa, akaleta binti mchapakazi, na asubuhi ya kwanza kabisa nikatoka nikakuta uwanja umeshafagiliwa. Kila mtu ananiambia, una bahati, umepata mkwe wa kukupumzisha! Sasa ningesema nini? Nirudishieni fagio langu? Nikawa nasubiri amalize, naingia na mimi."

Hakuna aliyeandika. Kalamu zote zilikuwa zimelala.

"Sikuwa nafagia uchafu," mama alisema. "Uwanja ulikuwa safi. Huyu anafagia vizuri kuliko mimi."

Kwenye dawati la nyuma, mwalimu alikuwa ameinamisha uso kwenye viganja, analia waziwazi mbele ya watahiniwa wake, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kumtazama. Huo nao ni udhibiti wa jamii usio rasmi, lakini siku hiyo hakuna aliyeutaja.

Tanbihi akanyoosha mkono. "Bibi, sasa kwenye mtihani tuandike nini?"

"Andikeni hao wanazuoni wenu wenye majina magumu, mpate alama. Mkitaka kuniongeza na mimi, niongezeni, nimeridhia. Ila mniandike sawasawa. Na msiniandikie wenzangu, wajukuu zangu. Nilikuwa peke yangu."

Njiani kurudi nyumbani mama alisema tu kwamba lile darasa linahitaji feni nyingine. Kuhusu safari hakusema kitu, na mwalimu aliogopa kuuliza, jambo ambalo kwa mwalimu wa mbinu za utafiti ni aibu. Jioni alipopita mbele ya chumba cha mama, aliliona sanduku limesimama mlangoni, limefungwa. Akaenda nje, akalichukua fagio, akaliegemeza pembeni ya sanduku, akaondoka.

Ijumaa alfajiri aliamka saa ileile ya siku zote, akajilazimisha kubaki kitandani. Alisikiliza. Mlango ukalia. Kisha kimya kirefu, mpaka akasema moyoni basi, ameondoka. Kisha akalisikia fagio.

Alitoka mpaka mlango wa jikoni, akasimama hapo na kanga yake begani. Mama alikuwa amemgeuzia mgongo, mkono mmoja kiunoni, anafagia uwanja uliokuwa na majani ya siku nzima. Alifagia bila haraka, na midomo haikuwa imebanwa hata kidogo. Mwalimu hakujua aiweke wapi mikono yake. Miaka kumi na miwili, saa hii ilikuwa na kazi.

Mama alipiga chafya. Hakugeuka.

"Vumbi lote hili, na wewe umesimama tu, mwanangu? Kopo liko wapi?"

Mwalimu alikwenda bombani karibu akimbie. Alijaza kopo, akatangulia mbele ya fagio, akamwaga.

"Siyo hivyo, unafanya tope. Chota kwa mkono. Kidogo kidogo." Fagio lilisimama, likasubiri, likaanza tena. "Ehe. Hivyo hivyo. Sasa niambie, yule binti wa maswali, ni mtoto wa nani?"

Mwalimu akaanza kumweleza, huku akichota maji na kunyunyiza, hatua moja mbele yake, mpaka getini.