Mapaji ya Kioo

Jumapili ya pili baada ya mazishi ya mama mkwe wake, fundi cherehani alikuwa ameketi benchi la nyuma kabisa, lile lenye mguu mmoja mfupi, wakati mchungaji alipomwomba Mungu awachunguze waumini na kuyajua mawazo yao. Walipofumbua macho, mapaji ya nyuso zao yalikuwa kioo.

Kilikuwa kioo safi, na mawazo yalionekana ndani yake kama bidhaa kwenye dirisha la duka. Ndani ya paji la mchungaji mlikuwa na vigae vya sakafu. Mzee wa kanisa alikuwa akimzika jirani yake, ambaye alikuwa mzima na ameketi pembeni yake. Kwaya nzima ilikuwa ikilichukia gauni la mwimbishaji. Mtu alikohoa. Matangazo yakasomwa.

Fundi alikuwa amepelekwa benchi lile na wifi yake, aliyewaambia wazee wa kanisa kwamba fundi alimtelekeza mama mkwe siku aliyofariki. Kwa utaratibu wao, mshtakiwa hukaa nyuma na hapokei meza ya Bwana mpaka aliyemshtaki afute mashtaka kwa kinywa chake mwenyewe. Mume wa fundi, mtu wa kufuata utaratibu, alihamia kwa dada yake, wifi huyo huyo, kusubiri. Fundi alijifariji kwa jambo moja tu: Mungu anajua.

Sasa walijua wote. Katika paji la wifi, fundi alikuwa amekwenda kufuata dawa na kumwachia wifi zamu. Mama mkwe aliita kutoka kitandani, akiomba maji. Wifi aliufunga mlango wa chumba taratibu, akarudi sebuleni, akaongeza sauti ya redio. Picha hiyo ilijirudia mpaka baraka za mwisho. Mume wa fundi, aliyeketi karibu nayo, aliitazama vizuri, kisha akafungua kitabu cha nyimbo.

Baada ya ibada fundi alimfuata mchungaji ofisini.

"Mama, una faraja kubwa," mchungaji alisema. "Mungu anayajua yote ya moyoni."

"Na nyinyi mmeona, Mchungaji."

"Tumeona, tusidanganyane. Lakini kuchunguza mawazo ni kazi ya Mungu. Tukiianza sisi, benchi la mbele atabaki nani?"

Vigae vilipita kwenye paji lake, vya rangi ya maziwa.

"Basi mwambieni wifi aseme."

"Tukimlazimisha, toba itakuwa na thamani gani?"

Wiki hiyo wanaume walijifunga vitambaa kichwani na wanawake wakaagiza kofia pana. Fundi ndiye aliyezishona, maana ndiye aliyekuwa na mkono mzuri. Wifi naye alikuja na kitambaa chake cha zambarau, ashonewe kofia.

"Wifi, acha kunikodolea macho," alisema akipimwa kichwa.

"Sikutazami machoni. Natazama juu kidogo."

"Wewe pima."

"Basi kaa wima. Mama anaita tena."

"Kutwa anaita," wifi alisema, kama mtu anayelalamikia mbwa wa jirani. "Ndiyo maana nataka nzito. Tia bitana mbili."

"Si useme tu, wifi? Maneno mawili mbele ya wazee."

"Niseme nini, na watu wote wameshaona? Umeshasafika. Unataka nini tena?"

"Mume wangu."

"Yule ametulia. Anakusalimia."

Fundi alitia bitana mbili. Kofia ilimkaa vizuri.

Jumapili iliyofuata mchungaji alihubiri juu ya faraja ya kujulikana na Mungu mpaka ndani. Waumini waliguswa sana. Machozi yaliwatiririka kutoka chini ya kofia. Fundi hakuvaa kofia. Katika paji lake mlikuwa na kikombe cha maji, kimejaa mpaka ukingoni, na yeyote ambaye angegeuka angekiona. Yeye, kutoka benchi la nyuma, aliona visogo, na kofia ya zambarau karibu na bega la mumewe, mshono wake umenyooka.