Kadi ya Ubatizo ya Rébecca

"Rébecca!" jina liliitwa uwanjani, na msichana asiyekuwa Rébecca akasimama.

Koko Véronique ndiyo kwanza alikuwa anafika kwenye uwanja wa basket wa Ngezi, beseni ya ndizi mbivu kichwani, za kumtia mjukuu wake nguvu. Alidhani masikio yamezeeka. Kisha akamwona Rébecca mwenyewe ameketi nje ya mstari, viatu vya kuazima mapajani, analia bila sauti.

"Weye unafanya nini huku inje?"

"Koko, Coach Serge anasema jina yangu haiko kwa liste."

"Na huyu wanaita ni nani?"

"Ni Gracia. Iko na miaka kumi na saba. Wamemupa kadi yangu."

Damu ilimpanda koko mpaka machoni. Kadi ile ya ubatizo alitoka nayo Djugu, kaifunga ndani ya kitenge, siku nyumba ilipowaka nyuma yao. Karatasi nyingine ya kuonyesha umri wake mtoto hana. Majuma mawili yaliyopita Serge, mwalimu wa timu, alikuja mpaka nyumbani, akala bugali, akafuta midomo. "Koko, nipe kadi ya mutoto. Wageni wa Kinshasa wanakuja kwa camp, kuangalia watoto wa miaka kumi na mbili mpaka kumi na ine. Mwenye atawapendeza, watamuchukua kwa internat, alale kule, asome na acheze." Koko akamkabidhi kwa mikono miwili. Kwa mikono miwili!

Alitua beseni, akavuka mstari, akaingia katikati ya mchezo. Mpira ukampita sikioni. Filimbi ikalia.

"Mama, toka kwa terrain!" Serge alisema huku anachekacheka. "Siye tuko na wageni."

"Mama yako iko kwenu. Miye uniite koko, vile uliniita siku ulikula bugali yangu."

Watoto wakaangua kicheko. Mgeni mkubwa, mzee Claude, akasogea na orodha yake mkononi. "Kuna shida gani, koko?"

"Kitendawili!"

Ni watoto walioitikia wote pamoja: "Tega!"

"Jina moja, miili mbili. Mumoja anatoka jasho, mwingine anatoka machozi."

Hakungoja jibu. Akamnyooshea Gracia kidole. "Weye Rébecca mupya, marraine wako wa ubatizo ni nani?"

Gracia akamtazama Serge. Serge akatazama viatu vyake. Jina la marraine, mama wa ubatizo, liko kwenye kadi, mstari wa mwisho kabisa, lakini Serge alisoma tarehe ya kuzaliwa tu. Mengine hakuona kazi nayo.

"Na weye wangu?"

"Mama Clarisse," Rébecca alijibu kutoka nje ya mstari. "Ule anauzisha makala ya kupikia kwa soko."

Claude alitoa kadi kwenye bahasha, akasoma, akatikisa kichwa. "Tumeelewa. Lakini sheria ni sheria. Jina yenye imeingia na uongo, tunaifuta." Akapiga mstari.

"Unafuta mwenye kuibiwa?"

Koko alikwenda chini ya panier, pale wavu unaponing'inia, akatandika kitenge, akaketi, miguu mbele. "Hakuna mpira itachezwa hapa leo."

Serge akaja kumshika mkono.

"Gusa, Serge. Gusa, hawa watoto wote waone unavyokokota koko wa watu."

Mkono ukarudi mfukoni. Gracia naye akavua maillot ya namba, akabaki na kisingleti, akampelekea Rébecca. "Unisamehe. Aliniambia uko mugonjwa."

Claude alitazama saa, akashusha pumzi. "Basi, arushe mara tano. Lakini koko, toka kwanza."

"Sitoki mpaka nione kalamu inaandika. Rusha, mutoto wangu. Ukikosa, itaanguka kwa kichwa yangu, haiko ya mutu mwingine."

Mpira wa kwanza ulimpiga begani. Watoto wakacheka; koko hakutikisika. Minne iliyofuata ilipita wavuni na kumwangukia mapajani, mmoja baada ya mwingine, na kila mara aliurudisha kwa nguvu, utadhani anampiga nao Serge.

Claude akafungua ukurasa mweupe. "Jina?"

"Rébecca!" mtoto alijibu, uwanja mzima ukasikia.

Kalamu ikaandika. Ndipo Claude akampa Serge kadi airudishe. Serge akamnyooshea koko huku anatazama pembeni.

Koko hakuipokea. Alisimama polepole, akakung'uta kitenge chake.

"Kwa mikono mbili," alisema.