Jina la Chausiku

Kwetu Kinole, arobaini ya marehemu ikifika, jina lake hupewa mtoto wa ukoo ili lisipotee. Mwanamke mkubwa kuliko wote humpaka mtoto unga kwenye paji la uso na kulitamka. Siku hiyo mwanamke huyo nilikuwa mimi, na mtoto alikuwa mjukuu wangu, binti wa Zuleha. Nilitaka apewe jina la mdogo wangu Chausiku, ambaye ndiye tuliyekuwa tukimsomea.

Kibwana, kitinda mimba wetu na mkuu wa ukoo, hakutaka.

"Dada, yule alikuwa hatulii. Unataka mtoto naye akapotelee Kongo?"

Akapotelee! Chausiku aliendesha malori ya shaba Zambia na Kongo miaka mingi, na bati alilokaa chini yake Kibwana akisema hayo lilitoka kwenye safari hizo. Kila alipopita Msamvu, Morogoro mjini, na mzigo wa Dar, nilimpelekea mdalasini wa shambani, naye akanishika mikono kama mtoto.

Nilimtegemea Ezekiel, dereva mwenzake, aliyetoka Tunduma kuja kuhani. Alifika kwa pikipiki, tope hadi magotini, na kabla hata ya kukaa alimsaidia Zuleha kutua sufuria la pilau. Nikajua huyu atatusemea.

"Shikamooni wazee," alianza. "Gari langu liliharibika mpakani Kasumbalesa, na malaria ikanishika. Wenzangu wote wakanipita. Mama Chausiku akaegesha lake. Aliniuguza ndani ya gari lake, akinichemshia chai ya mdalasini, mpaka nikasimama. Bosi wake akamfukuza kwa kuchelewesha mzigo. Hakunilaumu hata siku moja."

Machozi yalinitoka. Kibwana akajipiga paja.

"Mmesikia? Ndani ya gari, na mwanamume! Shahidi mmemleta wenyewe!"

Wanaume wakacheka. Ezekiel alivua kofia, akaniinamia. "Nisamehe mama, nimeharibu."

Maskini, alikuwa ameharibu nini? Wema wote ule, na wao walichosikia ni gari tu!

"Ataitwa Mwanaidi," Kibwana akasema, "jina la bibi yetu, ambaye hata Morogoro mjini hakufika. Haya dada, paka." Akanisogezea ungo wenye unga.

Nilimpakata mtoto, nikamfuta jasho shingoni. Kisha nikaificha mikono ndani ya kanga.

"Dada, pilau linapoa."

"Lipoe."

"Utakaa hapo mpaka lini?"

"Chausiku alikaa mpakani na mgonjwa asiye hata ndugu yake. Mimi nipo kwetu, juu ya mkeka, na mtoto amelala."

Kibwana akawageukia wanawake wengine. Hakuna aliyenyoosha mkono kuupokea ungo. Zuleha akaja kukaa ubavuni kwangu. Ezekiel, bila kuambiwa, akainuka kwenda kulifunika pilau.