Kitovu Kilichohamishwa

Mchoro wa pampu ulisambaratika ukutani mbele ya wanunuzi kutoka Chennai. Kwenye skrini kubwa, shafti ilichomoza ubavuni mwa bodi, ganda la pampu, kama mfupa uliovunjika, beringi zikaelea gizani, na feni ya ndani ikaning'inia mbali, haina mwenyewe. Vyote hivyo alivichora Poongodi. Bodi na kitako, kazi ya msanifu mwenzake Marudhan, vilitulia tuli.

"Dada, vipande vyako vimelewa," alisema Marudhan. Ofisi nzima ya wasanifu ikacheka, na wageni nao.

Poongodi hakucheka. Alibofya bodi, akaitafuta ile mishale mitatu midogo inayoonyesha kipande kinapimwa kuanzia wapi. Jana ilikuwa katikati ya tundu la shafti, kama walivyokubaliana. Leo ilikuwa kwenye kona ya kitako, na vipande vyake vilivyopimwa kutoka kwayo vikahama nayo.

Alimfuata Marudhan kwenye meza ya kahawa.

"Umehamisha kitovu cha vipimo."

"Nimekisogeza tu, dada."

"Vyako ukavifunga upya. Mimi hukuniambia."

Marudhan akapuliza kahawa yake. "Mkuu wetu, Bwana Kandhasamy, anatafuta kiongozi wa mradi. Lazima vyote vishike kwa mtu mmoja."

"Kona ile ni chuma cha kumimina, kaka. Kalibu ya kumiminia ikibadilika, nayo inahama. Shafti itasugua bodi."

"Ikisugua, wataikwangua hukohuko kiwandani."

Na huyu ndiye ambaye Poongodi alimtetea mwaka wa mgomo, wenye kiwanda walipomfukuza. Poongodi alisimama langoni, jua la utosi, mpaka wakamrudisha. Wapo watu hawakunyang'anyi kiti. Wanahamisha sakafu, kisha wanakucheka unavyoanguka.

Aliporudi mezani, Bwana Kandhasamy alikuwa anamngoja. "Poongodi mwanangu, vifunge kwenye kona ya Marudhan, yaishe. Wageni wanasubiri."

Kumbe yalikuwa mepesi hivyo. Abofye kidogo tu, pampu isimame, na jina lake lizame chini ya kona ile. Zamani angefunga, alilelewa kuamini kwamba anayenyamaza ndiye anayejenga.

Akavifungua vipande vyake vyote kutoka kwenye bodi. Akaanza faili tupu, akaweka mishale mitatu pale shafti inapozungukia, akaifunga shafti hapo, kisha beringi, kisha feni.

"Vyangu vimeshika hapa," alisema kwa sauti ya kawaida. "Anayetaka kuunga, aunge hapa."

Nyuma yake, Marudhan aliacha kubofya. Ukutani shafti ilisimama peke yake, haina bodi wala kitako, na mmoja wa wanunuzi akavuta kiti karibu aitazame.