Sahihi za Mlangoni

Nyevu hakuweza kutulia. Aliketi, akainuka, akachungulia dirishani, akarudi kwenye simu, na simu haikuwa na huruma naye. Kundi la wasikilizaji wa redio ya mtaa lilikuwa limewaka moto, na aliyewasha kiberiti ni yeye.

Tusimsingizie mtu, kosa lilikuwa lake. Mchana huo, akiwa kazini katika ofisi ya wakala wa mizigo karibu na bandari, aliletewa picha za ripoti ya mradi. Ule uwanja mdogo wa Kuze, wanapochezea watoto wakitoka madrasa, ungefanywa maegesho ya magari ya watalii. Ripoti ilisema kikao cha ushiriki wa umma kilifanyika na wakazi mia na kumi na wawili waliunga mkono, sahihi zao zimeambatishwa. Nyevu alipandwa na hasira. Alikuwa mwandishi wa kujitolea wa ile redio, wa wale wanaorekodi kwa simu zao wenyewe na hata nauli hawapewi, na alijiona amenasa habari ya mwaka. Bila kusoma mara mbili akautupa kundini ukurasa wa kwanza wa majina, na juu yake akaandika: "Hawa ndio waliouza uwanja wetu."

Nambari tatu alikuwa Bi Tumu.

Huyo Bi Tumu ndiye mwenye nyumba anayopanga Nyevu. Tena ndiye aliyesimama kikaoni akamwambia afisa wa mradi, kidole usoni, kwamba uwanja hawaupati ng'o. Nyevu alikuwepo, alimrekodi! Ndipo akaikumbuka meza ya mlangoni, karatasi na kreti za soda. Hakuna aliyeingia ukumbini bila kutia sahihi ya kufika, na ukishatia unapewa soda yako. Akafungua ukurasa wa pili. Nambari arobaini na moja: Nyevu Charo, kwa hati yake mwenyewe.

Akaifuta picha, akadanganya ofisini kwamba jino linamuuma, akatoka mbio.

Bi Tumu alikuwa barazani mbele ya karai lake la viazi. Mafuta yalikuwa yamepoa na viazi vimejaa sinia.

"Masalkheri, Bi Tumu."

Bi Tumu hakuitika, na kwa mtu wa Kuze kunyimwa jibu la salamu ni zaidi ya tusi.

"Sabir wa dukani amepita hapa," alisema baadaye. "Yuwanijua tangu nikimpakata. Amevuka ndia asinisalimu. Nami nikadhani labda kuna msiba sikuambiwa."

"Nimekosa, Bi. Niwie radhi. Ile picha nishaifuta."

"Umeifuta wapi? Machoni mwa watu?" Akalifunika sinia. "Radhi za hapa barazani hazinifai, mwanangu. Ulikonichafulia jina, nenda ukanisafishie huko huko."

Saa kumi kasoro Nyevu alikuwa studioni, chumba kimoja juu ya duka la vikoi. Samuel, mtangazaji wa kipindi cha wasikilizaji, alikuwa akisugua viganja kwa furaha.

"Leo simu hazishikiki, dada! Wanataka majina yote. Tuyasome."

"Langu limo."

Samuel aliitazama picha aliyoonyeshwa, akakuna kichwa. "Basi tutaliruka. Ukisema nawe ulitia sahihi, nani atakuamini tena hapa? Au tuliache jambo lenyewe lipoe."

Nyevu alitamani sana lipoe. Lakini mwisho wa kupokea pingamizi ulikuwa kesho, na asiposema mtu, zile sahihi zingehesabiwa kuwa ndiyo. Akavaa vipokea sauti vya masikioni kabla miguu haijamgeuza.

"Mimi ni Nyevu Charo, nambari arobaini na moja," alisema hewani. "Nilitia sahihi ili niingie ukumbini, kama wenzangu wote. Hakuna aliyeulizwa pale mlangoni kama anakubali. Mchana niliwaita watu wazima wauzaji wa uwanja. Nilisema uongo. Kama umo kwenye orodha na hukukubali, piga simu useme. Tunarekodi, na kesho sauti zenu tunazipeleka ziwe pingamizi."

Wa kwanza kupiga alikuwa mtu aliyejiita Lewis. "Mchana ulikuwa na uhakika hivyo hivyo. Sasa tukuamini kwa lipi?"

"Usiniamini mimi," alijibu Nyevu. "Ngoja uwasikie wao."

Lewis akasonya, akakata. Hakuna mwingine aliyepiga. Samuel alimtazama, Nyevu akaitazama meza. Aibu ilimshika mpaka masikio yakamchoma.

Simu ikaita.

"Tumu binti Athmani, nambari tatu. Uwanja sikuutoa wala siutoi. Andikani. Haya, nambari nne, Fadhiya, najua wasikiza. Usijifite jikoni, piga simu."

Samuel aliangua kicheko. Nyevu akashusha pumzi.

"Ahsante, Bi Tumu. Ahsante sana."

"Usinishukuru. Nimeupigia uwanja. Wewe bado sijakusamehe."

Akakata. Laini ya pili ilikuwa ikiita tayari, na Nyevu akaipokea machozi yakimlengalenga.