Tundu Kwenye Wayo

Mimi sina subira na mtu anayegusa vitu vya maabara yangu bila kuniuliza, na siku ile mtu huyo alikuwa Mkuu wa Kitivo mwenyewe.

Nafundisha chuo kikuu sayansi ya vifaa, yaani kwa nini kitu kimoja kinabeba mzigo na kingine kinapasuka. Maabara kwetu tunachokitengeneza tunakivunja, ndiyo desturi, maana bila kukivunja hujui kina nguvu kiasi gani. Wanafunzi wananiita Mama Vunja, na jina nimelipokea kwa mikono miwili.

Kazi niliyoipa roho yangu ni wayo wa mguu wa bandia, wa nyuzi za mkonge zilizoshikwa na gundi ngumu. Kaka yangu ni kinyozi. Anasimama kutwa nzima juu ya mguu wa bandia wenye wayo wa mbao, mzito huo, na jioni akiuvua, kigutu kimechubuka mpaka mtu unageuza uso. Wayo wangu ni mwepesi na unanesa. Lakini hauwezi kuvaliwa na mtu mpaka ipatikane ruzuku ya majaribio, na jopo la wafadhili lilikuwa linakuja siku ile kuamua. Wakikataa, maabara inafungwa, na kaka anabaki na gogo lake.

Mkuu wa Kitivo, kwa kutaka kuwapendeza wageni, akapanga nivishwe nishani ya mtafiti bora mbele yao. Sawa, nani anakataa nishani? Akaomba wayo wa kupiga picha. Ulikuwa umebaki mmoja tu, mzuri kuliko zote tulizokwisha kuvunja. Nikampa. Wa kupiga picha, jamani, basi!

Naingia ukumbini na kaka, naukuta wayo umesimamishwa juu ya kibao kilichopakwa vanishi, umekazwa kwa bolti katikati. Damu ilinichemka.

"Mkuu, nani ameutoboa?"

"Fundi wa karakana. Ulikuwa unaanguka hovyo. Si umependeza?"

"Umetoboa mguu wa kaka yangu!"

"Aa, Profesa, tundu lenyewe hata kidole hakipiti."

Ningemrukia pale pale. Kaka, ndani ya suti aliyooa nayo, akanishika mkono. "Mdogo wangu, tabasamu," akaninong'oneza. "Ukianza ugomvi utanivunja na huu mguu uliobaki."

Nikatabasamu. Nikavishwa nishani, nikavishwa na kilemba cha ukoka juu yake, maana Mkuu akishika kipaza sauti hana breki. Nilikuwa fahari ya chuo, nilikuwa hazina ya taifa. Mwisho akaunyooshea mkono ule wayo, akatangaza, "Na huu hapa, waheshimiwa, ndio wayo usiovunjika!"

Mwenyekiti wa jopo, mama mmoja mhandisi ambaye mpaka hapo alikuwa anasafisha miwani, akainua kichwa. "Usiovunjika? Basi twendeni kwenye mashine ya kupimia nguvu tukauone."

Jasho likamtoka Mkuu. Njiani kwenda maabara akanisogelea. "Sema mashine ni mbovu."

"Mashine ni nzima," nikajibu kwa sauti, wote wasikie. "Na wayo utavunjika."

Tulipofika nikaufungua kwenye bolti, nikawaonyesha tundu. "Nyuzi hizi ni kama watu wanaosaidiana kubeba kabati. Hapa katikati baadhi yao wameondolewa, kwa hiyo mzigo wao umewaangukia waliosimama kandokando ya tundu. Ungekuwa mzima ungebeba watu watano wazito. Huu hautabeba hata nusu yao." Nikachukua penseli, nikapiga mstari kutoka ukingo hadi ukingo, ukipita katikati ya tundu. "Na utapasukia hapa."

Hesabu yangu sikuwa na shaka nayo hata chembe. Kilichonitia hofu ni hao watu: je, wataelewa wanachokiona, au wataona kitu kimevunjika tu?

Mashine ikaanza kukandamiza. Nyuzi zikalia moja moja. Halafu, pa! Mkuu akafunika uso kwa karatasi ya ratiba ya sherehe.

Nikatazama kipimo: chini ya nusu, kama nilivyosema. Mwenyekiti akaviokota vipande viwili, akapitisha kidole kwenye ufa. Ulikuwa umefuata penseli kutoka mwanzo hadi mwisho. Akatikisa kichwa taratibu kukubali, akampa vipande mwenzake, mzee wa upande wa fedha.

"Mimi si mhandisi," akasema yule mzee. "Nimeona kitu kimevunjika mbele yangu. Nani atakubali kukivaa?"

Hilo ndilo nililokuwa naliogopa. Nikafungua mdomo nimjibu, nikasikia kiti kinaburutwa. Kaka alikuwa ameketi, anafungua kamba za kiatu.

"Mimi," akasema. Akauweka wazi wayo wake wa mbao, umezungushiwa waya, umepigwa misumari. "Huu niliuziwa na mtu aliyeapa kwamba hauvunjiki. Ulipasuka nikiwa na wembe mkononi na mteja yuko kwenye kiti. Mteja yule mpaka leo anafuga ndevu." Watu wakaangua kicheko, yeye hakucheka. "Mdogo wangu anajua wake utavunjikia wapi kabla haujavunjika. Huyo ndiye wa kunitengenezea mguu. Ila nipeni usio na tundu."

Yule mzee akautazama ule waya kwa muda, kisha akavitazama vipande. "Haya," akasema. "Mimi nimekubali."

"Na mimi," akasema mwenyekiti. Wengine wakainua mikono. "Majaribio yaanze, na huyu bwana awe wa kwanza."

Nikaegemea mashine. Mkuu alikuwa bado amesimama na kibao chake kitupu, bolti imechomoza juu.

"Sasa Profesa," akauliza kwa unyonge, "hapa tutaweka nini?"

"Usijali, Mkuu," kaka akasema, akifunga kiatu. "Nikipata wangu mpya nakuletea hili gogo. Tena lina matundu tayari."

Nilicheka mpaka nikalia, mbele ya wafadhili, na nishani yangu kifuani.